Nilitafsiri Neno Moja, Nikamfunga Rafiki Yangu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, ili msomaji asije akafika katikati akaanza kunionea huruma. Nilimfunga rafiki yangu wa utotoni, na nilimfunga kwa neno la kweli. Sikumsingizia wizi wala ugoni. Neno lilikuwa jina lake mwenyewe, mimi nililipitisha tu kwa Kiingereza.

Jina langu silitaji, na boma nililofanyia kazi silitaji pia. Jueni tu kwamba mimi ni Mhehe wa upande wa Kalenga, na kwa miaka saba nilikuwa karani mkalimani wa serikali. Mzungu akisema, nami nasema. Mshtakiwa akiapa, nami naapa. Nilikuwa na baiskeli, na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na maringo. Jamani, maringo yale!

Rafiki yangu nitamwita Agustino. Tulichunga mbuzi pamoja, tukaingia shule ya misheni pamoja. Baba yake alipofariki aliacha shule darasa la pili, mimi nikaendelea. Akajifunza kazi ya matofali, kuyafyatua, kupanga tanuru, kulipaka udongo na kulichoma. Kuchoma ndiko kulikompa sifa. Tanuru lina vinywa chini, humo mnasukuma magogo, na moto wake si wa kupikia ugali. Ukizidi, matofali yanayeyuka na kushikana. Ukipungua, yanatoka mabichi, na mvua moja tu inayarudisha kuwa tope. Agustino alikaa mbele ya vile vinywa siku tatu, anachochea, ananusa moshi, anachochea tena. Tofali lake ukiligonga lilikuwa linalia kama kengele.

Misheni walipojenga shule, fundi mkuu alisimama juu ya jukwaa akapiga kelele, "Mchochezi yuko wapi? Mwiteni Mchochezi!" Nilikuwepo siku hiyo, na mimi ndiye niliyecheka wa kwanza. Tangu hapo, kuanzia Kalenga mpaka njia ya Idodi, jina la ubatizo likasahaulika. Hata mama yake mzazi alimwita Mchochezi.

Nilipooa, Agustino alinichomea matofali ya nyumba nzima, zawadi ya harusi. Humo ndimo ninamoandikia barua hii kwa gazeti.

Sasa sikilizeni wivu ulivyoingia.

Kwetu kuna baridi, na mwezi wa sita na wa saba mtu anatafuta moto kuliko anavyotafuta chakula. Tanuru likiwaka, watu wanakuja kuota, wakishaota wanaongea. Miaka hiyo ndipo chama cha kudai uhuru kilipokuwa kimeanza kusikika huku kwetu, na kila lori lililopanda kutoka pwani lilileta maneno mapya. Siasa, uhuru, haki, mhuni, kibaraka! Kila mtu aliyatumia, na hakuna aliyejua mwisho wake uko wapi. Basi pale tanurini wakawa wanabishana kutwa nzima juu ya maana zake, na Agustino katikati, na fimbo yake ya kusukumia magogo.

Siku moja nilipita na baiskeli yangu nikasimama kusikiliza. Katekista mmoja, mtu wa vitabu, alikuwa ameshikilia kwamba siasa maana yake ni upole. Kwamba watu wa zamani wakisema "mwambie kwa siasa," maana yake mwambie taratibu, kwa adabu.

"Ee, kumbe!" Agustino akasema. "Basi mtu wa siasa ni mtu mpole. Sasa mbona serikali inatuambia tuwakimbie watu wapole?"

Walicheka, wengine wakakaa chini kabisa. Na katikati ya kicheko kile nikasikia sauti ninayoijua. Alikuwa Veronika, mke wangu, ana kibuyu cha togwa mkononi, anacheka mpaka anafuta machozi.

Kwangu hakuwahi kucheka hivyo. Hapo ndipo kitu kiliponichoma hapa kifuani, na sikukizima!

Nikajifariji kwamba anakwenda kuuza togwa, basi. Lakini alianza kurudi na maneno. Ananyunyiza unga wa ugali huku anasema, "Mchochezi leo amesema hivi." Anafagia, "Mchochezi amesema vile." Nguo zake zilinuka moshi wa tanuru. Nilikuwa namnusa mke wangu mlangoni kama askari wa forodha. Nacheka sasa, lakini wakati ule sikucheka.

Nikamuuliza, "Leo mlikuwa mnabishana nini huko?"

"Uhuru wa kusema," akajibu. "Wengine wanasema ukipewa na serikali huo si uhuru, ni ruhusa. Wewe unaonaje?"

"Mimi ni mtumishi wa serikali."

Veronika akaacha kusonga ugali, akanigeukia. "Nimekuuliza unaonaje. Sijakuuliza unafanya kazi wapi."

Lugha tatu kichwani, na sikuwa na neno moja langu! Kazi yangu yote ilikuwa kubeba maneno ya wengine. Agustino, wa darasa la pili, alikuwa na yake mwenyewe, na watu walitembea maili nne kwenda kuyasikia. Sikumwonea wivu kwa sababu ya mke tu. Nilimwonea kwa sababu ya kinywa chake.

Kilichonimaliza ni jambo la kibaraka. Pale tanurini kijana mmoja wa chama aliniona napita akasema kwa sauti, "Yule anakwenda, kibaraka wa Wazungu." Watu wakamtazama Agustino, maana walijua sisi ni kama ndugu.

Agustino akasukuma gogo ndani, akasema, "Kijiko ni kitu gani? Mwiko mdogo. Kijito? Mto mdogo. Basi kibaraka ni baraka ndogo. Huyu ndugu yangu ni baraka yetu ndogo pale bomani, msimseme."

Wote walicheka, na kicheko hicho kilinifuata barabarani mpaka nyumbani. Na jioni Veronika akaweka chakula, akasema huku anatabasamu, "Baraka ndogo, karibu ule."

Mtu mwenye akili angeona kwamba rafiki yake amelichukua tusi akaligeuza kuwa jina la mapenzi. Mimi niliona nimechekwa mara mbili, tanurini na mezani kwangu. Sikula siku hiyo.

Hapa lazima niwaeleze jambo la matangazo. Boma lilikuwa limebandika karatasi kila baraza na kila soko, kuwaonya watu wajihadhari na wale wanaowatia fitina dhidi ya serikali. Aliyezitafsiri karatasi hizo ni mimi. Nilitafuta neno la Kiswahili la mtu wa namna hiyo, nikaandika "wachochezi." Mungu ni shahidi yangu, siku naandika sikumfikiria Agustino. Yeye alipoiona karatasi alicheka, akaniambia, "Karani, umeniandika ubaoni na hukuniambia! Nimepata cheo gani?"

Nilicheka naye. Lakini nilianza kulifikiria neno lile, na huo ndio ukweli.

Haikupita miezi miwili, jumbe wetu akaagizwa alete jina la yeyote anayekusanya watu bila kibali. Akaogopa kuonekana hana jina la kuleta, akamleta Agustino. Hakuwa na chuki naye. Aliamini wataulizana kidogo na mtu atarudi kwenye tanuru lake kabla moto haujapoa.

Bwana aliyekaa mezani siku ile alikuwa mgeni, hana miezi mitatu tangu atoke kwao, Kiswahili chake cha kitabuni. Askari wawili wa mlangoni na tarishi walikuwa wageni wa makabila mengine, hawajui Kihehe. Jumbe alijua Kihehe na Kiswahili lakini si Kiingereza. Chumba kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyewaelewa wote. Mimi.

Agustino aliingia na matope kwenye magoti, akaniona nimesimama kando ya meza, uso wake ukafunguka. "Kamwene, ndugu yangu," akanisalimu kwa Kihehe. Alikuwa na furaha kuniona! Alidhani ana mtu wake.

Bwana akamuuliza jumbe watu wanamwitaje huyu. Jumbe akajibu kwa Kiswahili, tena kwa heshima, "Watu wote wanamwita Mchochezi, bwana."

Bwana akainua kichwa. Neno hilo alilijua, alikuwa amelisoma kwenye matangazo. Akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza kama ni neno lile lile.

Wasomaji, hapo palikuwa na njia mbili, na zote mbili niliziona vizuri. Ningeweza kusema, "Ndiyo bwana, lakini huyu ni mchochea moto wa matofali, na jina lilianzia kwenye shule ya misheni." Maneno hayo hayangechukua hata dakika. Lakini nilimwona Veronika anafuta machozi ya kicheko, na nikasikia "baraka ndogo."

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Ni neno lile lile."

Kweli tupu! Neno lilikuwa lile lile.

Agustino akaona bwana anaandika, akaniambia kwa Kihehe, "Mweleze jina hilo lilitoka wapi. Si wewe ulikuwepo?" Nikamgeukia bwana nikasema, "Anasema jina hilo ni lake la miaka mingi." Hiyo nayo ilikuwa kweli, ukitaka kuipima kwa mizani ya mchuuzi mwizi.

Kisha bwana akataka kujua kama mshtakiwa ana la kujitetea. Agustino akisema jambo zito huacha Kiswahili, kwa hiyo alisema kwa Kihehe, na alisema muda mrefu, wima, mikono nyuma. Jumbe aliinamisha kichwa. Alipomaliza, bwana akaningoja.

Nikasema, "Hana la kusema, bwana."

Hiyo sasa haikuwa kweli hata kidogo. Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wangu haukujikwaa. Ulitembea vizuri kabisa, na ulijua unakokwenda.

Miezi sita ya kazi ngumu, na akitoka asikanyage tena wilaya ile. Niliitafsiri hukumu neno kwa neno, hapo sikuacha hata nukta. Askari walipomshika, Agustino alinitazama akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Asante, ndugu yangu." Wakamtoa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Ya kwangu hayakungoja kuzaliwa. Nilirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli, sikuweza kuipanda.

Veronika alikuwa amekaa kizingitini. "Imekuwaje?"

Nikamwambia miezi sita.

"Mwenyewe alisema nini?"

"Alinyamaza," nikasema. "Nadhani aliogopa."

Akasimama. "Nimekutana na mke wa jumbe kisimani. Jumbe amerudi analia. Amewaeleza watu yote aliyosema Mchochezi, mpaka na habari zako. Na wewe unaniambia alinyamaza?"

Nikaanza kuiegemeza baiskeli ukutani.

"Sikiliza," akasema, na hakupandisha sauti, heri angepandisha. "Unajua kwa nini nilikuwa nakwenda kule? Kila siku walikuita kibaraka. Kila siku nilibishana nao, mwanamke peke yangu na kibuyu changu. Mtu mmoja tu alinisaidia kukutetea. Siku aliyosema wewe ni baraka ndogo nilicheka kwa sababu nilikuwa nimechoka kulia."

Ole wangu! Niliketi chini pale pale, kwenye udongo, na kaptula yangu nyeupe.

Hakuniacha. Wengi wangesema nina bahati. Alipika, alifua, aliitikia nikimwita. Lakini maneno alinipimia, na lile jina la baraka ndogo hakulitamka tena. Jina nililolichukia! Kuna siku nilikaa mezani nikiomba moyoni aniite hivyo mara moja tu, hata kwa kunisimanga.

Kazini nako kuliharibika. Kila mshtakiwa aliyefungua mdomo nilimwona Agustino. Nilianza kutafsiri hata vikohozi, bwana akanikaripia kwamba namchosha. Mwisho nikaacha mwenyewe. Sasa nalima mahindi na njegere, na njegere hazihitaji mkalimani.

Mwaka jana nilisikia kwamba Agustino yuko upande wa Mbeya, Mbalizi, anachoma matofali. Nikapanda lori, mchana kutwa juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye meno. Nikafika nikauliza Mchochezi. Hakuna aliyelijua jina hilo! Nikauliza mchoma matofali, wakasema, "Aa, yule Mhehe bubu? Yuko kule bondeni."

Bubu!

Nilimkuta mbele ya tanuru. Wasafwa kadhaa, wenyeji wa huko, walikuwa wanaota moto na kubishana juu ya kura, nani apige na nani asipige, wanapandishiana sauti kama wale wetu wa zamani. Yeye alikuwa ameinama anasukuma gogo, kimya. Wakamuuliza kitu, akatikisa kichwa tu.

Aliponiona hakushtuka. Alipangusa mikono, akanisogezea tofali nikalie. Nikamwambia yote, kuanzia kicheko cha Veronika mpaka "hana la kusema." Nililia, na sioni haya kuliandika.

Akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini? Kiingereza hukijui."

"Mimi nilisema maneno mengi mpaka mate yakakauka. Wewe ukasema kidogo kama mtu anayeagiza chumvi. Kuhesabu si najua?"

"Sasa mbona ulinishukuru?"

Akachochea kidogo. "Nilitaka kusema neno moja ambalo halihitaji mkalimani. Hiyo asante, bwana yule aliijua. Nilitaka aisikie, na wewe uisikie."

Nikamuuliza nifanye nini ili anisamehe. Akasema msamaha ni kazi ya padri, yeye ni mtu wa matofali. Lakini maneno yake anayataka. "Kalenga wanayo, jumbe aliwapelekea. Walioyakosa ni wale wa mezani kule bomani. Uliyameza, bado unayo tumboni. Yatapike huko yalikokuwa yanakwenda."

Niliporudi nilikwenda bomani kumtafuta yule bwana. Amehamishwa, wakasema, amesharudi Ulaya. Basi sina meza ya kuyapeleka isipokuwa hii ya wasomaji. Nayatoa kama yalivyosemwa, na safari hii sipunguzi.

Agustino alisema hivi: "Bwana, moto nimeuchochea, sikatai. Nenda katazame shule ya misheni, imesimama kwa moto wangu. Watu wakija kuota siwezi kuwafunga midomo, baridi ikimtoka mtu maneno nayo yanamtoka. Wengine wanaisifu serikali, wengine wanaisema, na moto wangu unawapasha wote sawasawa. Kama kusema ni kosa, kwa nini mmenileta hapa niseme? Na kuhusu jina langu, msiniulize mimi, nitaonekana najitetea. Muulizeni huyu aliyesimama kando yenu. Alikuwepo siku nilipopewa. Nyumba anayolala nimeichoma mimi, tofali kwa tofali. Huyu ni ndugu yangu, hawezi kusema uongo."

Hayo ndiyo niliyoyaita "hana la kusema."

Ndugu zangu, siku hizi majina yanagawiwa ovyo. Huyu mhuni, yule kibaraka, yule mchochezi. Kabla hujalipokea jina la mtu, uliza alilipata wapi na alikuwa anafanya nini alipolipata. Na wewe uliyepewa kusema kwa niaba ya mwenzio, karani, katekista, jumbe, mjumbe wa chama, sema yote aliyosema, hata yale yanayokuchoma. Ukiwa na wivu siku hiyo, omba ruhusa ukalale. Mkalimani mgonjwa hana hatari, mwenye kijicho anafunga watu.

Barua hii nimemsomea Veronika kabla ya kuipeleka posta. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, halafu akaniuliza kama kuna neno la Mchochezi nimeliacha. Nikamwambia hakuna.

"Soma tena," akasema.